Barua Mbili na Telegramu Moja

Vijana wangu, kila mwaka matokeo yakitoka, nyumba yangu hapa Singida mjini inapata wageni. Mnakuja na barua zenu, wengine mbili, mwaka jana mmoja alikuja nazo tatu. "Shikamoo babu, naomba unishauri." Chuo cha huku kinakutaka, cha kule kinakutaka, na wewe hujui uende wapi. Mke wangu anasema nikiona barua ya chuo cha uganga nachangamka kama nimeitwa mimi. Ni kweli. Nimestaafu utabibu, mgongo umeshaanza kupinda, lakini nikiona mtoto anayetaka kuvaa koti jeupe moyo wangu bado unaruka.

Basi huwa nawaambia ninayoyajua. Uliza wanafunzi wa pale wanaanza lini kumshika mgonjwa. Usiulize jengo lina ghorofa ngapi. Mimi nilisoma chuo kikubwa Dar es Salaam, kitanda kimoja tulikizunguka darasa zima, na mwaka wa kwanza nilichokifahamu vizuri zaidi ni migongo ya wenzangu. Wakati huohuo wanafunzi wa chuo kidogo cha huku upande wa Iramba walikuwa wanazalisha akina mama kabla hawajamaliza daftari la kwanza. Jiulize pia, ukimaliza unataka kuamka wapi. Mtu anayetaka kwenda kutibu Mungaa asizoee sana mahali ambapo kila kitu kinapimwa na mashine, maana akifika ataitafuta ile mashine na kukuta mbuzi.

Mnacheka, mnakunywa chai, mnaondoka. Ushauri ule ni mzuri na siufuti. Lakini kuna jambo ninaliruka kila mara, kwa aibu tu. Nimeona niliandike, maana tukiwa uso kwa uso nitacheka. Ndivyo nilivyo. Nikibanwa nacheka.

Mama Agnesi, mwalimu wetu wa wodi kule Dar, aliliona hilo mapema. Alikuwa Mgogo, mfupi, sauti ya chini ambayo ukiisikia nyuma yako unajua umekosea. Siku zile mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, sindano tunazichemsha na kuzitumia tena, na zikiwa butu tunazinoa kwenye jiwe. Yeye alikuwa anaipitisha ncha ya sindano juu ya pamba. Ikiteleza, iko tayari. Ikinasa nyuzi, ina kijino ambacho jicho halikioni, na kijino kile kinachana nyama ya mtu. Yangu ikanasa.

"Hii ni ndoano, Jumanne," akasema. "Unakwenda kuvua nini?"

Wenzangu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao.

"Wewe usicheke. Nimekuangalia tangu umefika. Ukikosea unacheka ili mtu asikuulize zaidi. Noa."

Nilinoa hadi kidole kikaota sugu. Hakujua, Mama Agnesi wa watu, kwamba mwanafunzi yule aliyesimama mbele yake alifika pale kwa kucheka hivyohivyo, na kwamba kuna mtu alikuwa amebaki kijijini kwa sababu ya kicheko hicho.

Kwetu ni kijiji kimoja ng'ambo ya msitu wa Mgori. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yalianza kujaa sabuni na khanga tena, mitumba ilifika hadi minadani, na serikali ikaruhusu tena watu binafsi kufungua zahanati. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa daraja ambalo sikupenda kulitaja, nalima vitunguu na baba, na kuota. Nilikuwa mwotaji hasa. Nikipalilia, naona kibao cha bluu kimeandikwa jina langu, wagonjwa wamepanga foleni, na mimi nimevaa viatu vya kamba. Ndoto zangu zote zilikuwa na viatu vya kamba.

Kijiji kilikuwa na jengo la zahanati. Watu walilijenga wenyewe kwa mawe, wakaezeka bati, mganga akakosekana. Ndani yakakaa magunia ya alizeti. Ndipo ikaja habari kutoka wilayani kwamba kila kijiji chenye jengo kitaje kijana mmoja akasomee uganga msaidizi wa vijijini kwenye kile chuo cha Iramba, halafu arudi kutibu kwao. Na kitaje jina la pili la akiba, endapo wa kwanza hataripoti. Mkutano ukaitwa. Jina la kwanza nikawa mimi, kwa kuwa ni mwanaume, nina cheti, na siku ile nilisimama nikawachekesha wazee. La pili likawa Hadija.

Hadija nilimtangulia shuleni miaka miwili, lakini akili alinizidi, na hilo nililijua kuliko mtu yeyote. Aliachia kidato cha pili baba yake alipofariki. Akawa anafuatana na bibi yake, mkunga wa jadi, kwenye nyumba za wanaojifungua. Chuo cha Iramba wakati ule kilipokea hata waliomaliza darasa la saba, kwa hiyo alifaa. Vyuo vingine vyote vya uganga nilivyovifahamu vilitaka kidato cha nne. Vijana, lieleweni hili vizuri: mimi nilikuwa na milango kadhaa ya kubisha hodi. Yeye alikuwa na huo mmoja.

Sasa, miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimeandika maombi Dar bila kumwambia mtu. Barua zote mbili zikafika wiki moja. Ya Iramba ilisema ripoti siku chuo kinapofunguliwa, na asiyeripoti ndani ya siku kumi na nne nafasi yake atapewa wa akiba. Ya Dar ilisema njoo kwenye usaili na upimwe afya, ukifaulu utasomea utabibu. Na usaili wenyewe ulikuwa umepangwa baada ya zile siku kumi na nne kuisha.

Kutaka Dar hakukuwa na ubaya. Tabibu alikuwa na cheo zaidi ya mganga msaidizi, angeweza kuajiriwa mjini, hata kufungua zahanati yake. Nilipaswa kunyanyua miguu na kwenda kwa mwenyekiti, Mzee Ntandu, nimwambie: mzee, nataka kujaribu mbali, mpeni Hadija. Dakika tano zingetosha. Lakini mimi kumkatalia mtu mzima usoni siwezi, moyo wangu laini. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa nikishindwa usaili nitabaki na jembe. Nilitaka Iramba inisubiri kama mtu anavyomwachia jirani mbuzi wake.

Hadija alinifuata kwenye bustani ya vitunguu, nikiwa namwagilia.

"Kaka Jumanne, karani wa kijiji anasema una barua nyingine. Ya Dar."

"Karani anapenda maneno."

"Ipo, haipo?"

"Ipo. Ila ile ni ya kubahatisha tu."

Akainama, akang'oa gugu lililokuwa karibu na mguu wake, akakung'uta udongo taratibu. "Sijaja kukusema. Nenda Dar, nenda popote, wewe una cheti. Lakini kama hii ya Iramba huitaki, niambie leo. Kuna watu wameleta posa kwa mjomba. Nikimwambia nina chuo, atawaambia wasubiri. Nikisema sina, anapokea."

Nikacheka. Nakumbuka hadi kopo lilivyokuwa mkononi mwangu. "Hadija, mimi ndiye mganga wenu. Wewe subiri uniletee watoto niwachanje."

"Kweli?"

"Kweli tupu."

Akanitazama kidogo. "Basi safari njema," akasema, akaondoka kwa njia ya juu, ile ya mawe.

Siku ya kuondoka wazee walinibariki. Mzee Ntandu alichovya majani kwenye maji yaliyotiwa unga wa uwele, akaninyunyizia kichwani na mabegani, akasema, "Nenda utuletee mikono." Hakusema niwaletee cheti. Alisema mikono. Nikapewa na majogoo wawili, zawadi ya kumpelekea mkuu wa chuo, apate kumtazama vizuri mtoto wao.

Nikafika Singida mjini, na badala ya kutafuta gari la Iramba nikaingia posta. Nikaandika telegramu kwa mkuu wa chuo: NAUMWA MALARIA NITACHELEWA NITUNZIENI NAFASI. Walikuwa wanatoza kwa neno, kwa hiyo neno samahani nililiacha.

Yule dada wa dirishani akaisoma, akanitazama. "Pole. Mbona unaonekana mzima?"

"Ni ya vipindi, dada."

Vijana, nimetibu malaria miaka yangu yote ya kazi. Lakini ugonjwa wa kwanza niliowahi kuutaja kwa maandishi ulikuwa wa uongo, na mgonjwa nilikuwa mimi.

Dar nilifikia kwa binamu ya baba. Majogoo wa mkuu wa chuo cha Iramba waliliwa huko. Nilikula paja, nikasifia kuku wa kwetu. Usaili nikafaulu, koti nikapewa, viatu vya kamba nikaazima. Nikasema nitaandika barua Iramba kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa huruma, alinitunzia nafasi hadi masomo yakawa yamekwenda mno kumwita mwingine, ndipo akaandikia kijiji: kijana wenu alisema anaumwa, hajafika, nafasi imefungwa. Mwaka uliofuata wakabadili sifa za kujiunga. Kidato cha nne tu.

Baba alimwandikia binamu yake kuuliza kama amesikia habari zangu, akasema Mzee Ntandu amepanda lori la vitunguu kwenda Singida mjini kunitafuta, amepita hospitali wodi hadi wodi akiuliza kijana mrefu anayechekacheka. Hapo ndipo nilipoandika barua nyumbani, na nikaongeza uongo juu ya uongo. Nikasema niliugua kweli, nikapata nafuu, na barua ya Dar nikaikuta mjini kwa bahati. Baba akajibu: tumeshukuru u mzima, mzee anasema hiyo ni riziki yako. Niliporudi likizo walinichinjia. Watu wakaniita mganga wetu. Hadija hakuwepo. Alikuwa ameolewa kijiji cha pili.

Kazi nilianzia kwa Mzee Nassoro, hapa mjini. Baba yake Mnyiramba, mama yake mtu wa Pangani, na yeye alikuwa ameuza chumvi na vitenge maisha yake yote. Ruksa ilipokuja akafungua zahanati, chumba cha mbele cha wagonjwa, cha nyuma bado kina vitenge. Alikuwa mtu mwema, lakini dawa aliiona kama bidhaa nyingine yoyote.

"Jumanne mwanangu," alikuwa ananiambia, "mgonjwa akitoka hapa bila sindano atasema hajatibiwa. Atakwenda kwa jirani."

"Mzee, huyu ana mafua."

"Basi mchome ya mafua."

"Haipo."

"Mchome ya vitamini, kijana, watu wana imani."

Nilichoma nyingi za vitamini, na hilo nalo silipendi. Lakini pale nilijifunza kusikiliza. Kulikuwa na mzee mmoja wa Mungaa aliyewashwa na klorokwini, dawa ya malaria ya siku zile, kiasi kwamba alikuwa anavificha vidonge chini ya ulimi na kuvitema nje. Nilipomkamata akasema, "Tabibu, homa ilikuwa inanilaza tu. Dawa yako inanichezesha ngoma." Nikamwekea kiti, nikakaa naye kila siku hadi ameze. Mgonjwa akikuambia kitu cha kuchekesha, chekeni wote wawili, halafu ukifikirie. Karibu kila mara ndani yake mna dalili.

Siku moja asubuhi, chumba kimejaa, akaingia mama amebeba mgongoni mtoto mkubwa, wa miaka kama minne, mtoto wa kutembea. Alikuwa Hadija.

"Habari za siku nyingi, tabibu," akasema. Hakuniita kaka.

Akamshusha mtoto. Unyayo wa kulia ulikuwa umelegea, unaning'inia, vidole vinaburuta sakafuni. Sikuhitaji kuuliza sana. Wakati ule walikuwa wanapita watu minadani na mkoba wa dawa, wamenunua maboksi mjini, hawakusomea popote. Mtoto alikuwa na homa kali, zahanati ina magunia ya alizeti, na mtu wa mkoba yupo. Alimchoma kwinini katikati ya tako. Ninyi mnaosomea, msisahau hata mkiamshwa usingizini: ligawe tako mafungu manne kwa macho, uchome fungu la juu la nje. Kwingine unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na ukiuharibu mguu unalala. Kwa mtoto ni afadhali paja, upande wa nje.

Nikamshika yule mtoto unyayo, nikausukuma, nikamwambia anisukume na yeye. Hakuweza.

"Atatembea?" Hadija akauliza.

"Atatembea. Nitakuandikia barua ya hospitali ya mkoa, watamfanyisha mazoezi, watamtengenezea kiatu. Lakini atachechemea."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyekuwa anajua na alitaka tu kulisikia. Akamvalisha mtoto suruali. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, si ya ugomvi, "Uliniambia nikuletee watoto. Nimekuletea."

Chumba kizima watu wanakohoa na kuzungumza. Nikafungua mdomo, na kicheko hakikuja. Mzee Nassoro akachungulia akauliza kama mtoto amechomwa sindano.

Hapo ningeweza kusema. Badala yake nilichukua kalamu. Niliandika ile barua ya rufaa kwa mwandiko mzuri kupita wote niliowahi kuandika, kana kwamba mwandiko ungesaidia. Kijiji kilikuja kupata mganga baadaye, mtu wa mbali, mzuri tu. Mimi nikahamia serikalini, nikazunguka, nikafanya kazi Nduguti, nikarudi mjini, nikastaafu. Watu walinifanyia sherehe, wakasema nimetoa mkono wangu kwa jamii. Neno hilo la mkono lilinikosesha raha ya pilau.

Wiki iliyofuata nikaenda kumtafuta Hadija. Nilimkuta uani kwake, kivulini mwa ukuta, anakata mikia ya vitunguu na kuvitia kwenye gunia. Sasa ni bibi, kama mimi nilivyo babu. Yule mtoto wa mguu ni fundi baiskeli, alinipokea getini, anachechemea, mchangamfu. Nikakaa kwenye kigoda, nikachukua kisu cha pili, nikaanza kukata naye. Nikamweleza yote. Barua mbili, usaili, posta, malaria ya uongo.

Hakushangaa. "Karani alinisomea tarehe za barua zote mbili kabla sijakufuata bustanini," akasema. "Nilijua unacheza. Nilitaka uniambie wewe."

"Mbona hukuwaambia? Hata nilipoandika ile barua ya uongo nyumbani?"

"Niwaambie ili iweje? Mzee Ntandu alikuwa ameshakulilia mara moja. Alipokukosa wodini alikwenda kuomba afunguliwe mochwari. Aliangalia mmoja mmoja. Aliporudi hakula siku mbili. Sasa nikamwambie mtoto wake alikuwa Dar anakula kuku?"

Sikujua habari ya mochwari. Baba hakuiandika. Kisu kilisimama mkononi.

"Mimi nilifunga sanduku," akaendelea, anakata. "Siku zile kumi na nne. Kila asubuhi nanyoosha gauni, naliweka juu, nasema leo karani ataniita. Siku ya kumi na tano nikasema labda wamekosea kuhesabu. Mjomba alisubiri mwezi. Alijitahidi."

"Nisamehe, Hadija."

Alijaza gunia hadi likafika shingo, akalitikisa likae vizuri. Vijana, nimeshawaona watu wakisamehe na nimeshawaona wakikataa, na siwezi kuwaambia lile lilikuwa lipi. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijamwambia mtu lolote kuhusu chuo cha mbali au cha karibu, namwuliza kwanza, bila kumweleza sababu: ile nafasi usiyoitaka, umeshawaandikia? Wengine wananuna. Mmoja alisema, babu, je, na ile ninayoitaka ikivunjika? Nikamwambia basi itakuwa imekuvunjikia wewe, si mwenzako, mwenyewe ukiwa unaona. Hakurudi tena.

Hadija alivuta kigoda chake karibu.

"Ile kazi," akasema, "ilikuwa nzuri?"

Nilitaka kusema ilikuwa ngumu, mshahara mdogo, usiku mrefu. Nikaona huo nao ungekuwa uongo. "Ilikuwa nzuri sana," nikasema.

"Nisimulie."

Nikamsimulia. Jiwe la kunolea na pamba, mabomba ya kioo, Mama Agnesi. Nilipofika kwa mzee wa Mungaa na vidonge vyake, Hadija akacheka hadi akafuta macho kwa khanga. Alikuwa ananikatiza, anauliza kama mtu wa kazini: maji mlichemsha muda gani, taa ikizimika mlishikaje, mama akichoka kusukuma mlimwambia nini. Nikafika kwenye mtoto mmoja wa Nduguti aliyetanguliza makalio, gari la hospitali bovu, tuko mimi na muuguzi mmoja tu.

"Ulimvuta?" akauliza haraka.

"Sikumgusa. Nilimwacha ashuke kwa uzito wake hadi nikaona kisogo, ndipo nikamnyanyua miguu."

Alikuwa ameweka kisu chini. Mikono yake miwili ilikuwa hewani mbele yake, viganja juu, vimefunguka kidogo, inashuka polepole na ule uzito, halafu inapanda. Ilikuwa imepanda sawasawa, kwa kipimo chake hasa, kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha.

"Ningeweza," akasema.

"Ungeweza."

Akachukua kisu chake. "Haya, endelea. Akalia?"